Ulanzi wa Jioni

Jumanne, Mlandege

Tone la ulanzi, ile pombe ya mianzi, likidondoka ndani ya mbeta, kipande cha mwanzi kinacholikinga. Bado nalisikia, tangu Jumapili nilipokwenda kumsalimia bibi.

Leo darasani Neema kaniuliza, “Madam, little by little maana yake tunaijua, kidogo kidogo. Ila inatumikaje?”

Nikawaambia ulanzi asubuhi ni mtamu, jioni unalevya, na hakuna aliyeona umebadilika saa ngapi.

“Kumbe madam naye anakunywa,” akasema mmoja. Wakacheka.

Mimi nilikuwa namfikiria Daudi, kule Mbeya. Zamani akipiga simu nilitoka nje mbio. Siku hizi naiacha iite, natazama ukungu ukishuka mlimani. Hajanikosea lolote. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Posa ilikuwa iletwe Jumamosi. Jioni nimempigia mwenyewe, nikamwambia wazee wake wasije.