Koki Iliyofungwa Chini ya Geji

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Wiki moja tu! Jumatatu ijayo wakubwa wanakuja kufungua wodi mpya za hospitali. Kapteni anayesimamia ujenzi kwa niaba ya jeshi ametangaza kwamba siku hiyo boila iwe inawaka na mvuke ufike wodini kote. Ametangaza, basi. Kana kwamba mabomba nayo hupiga saluti.

Injinia Ogwal hakubishana naye. Mtu huyu ananishangaza. Tangu nitoke Kisumu nimekuwa karani wa miradi chini ya mameneja wengine wanne, na wote wakiingia asubuhi huuliza: jana umefanya nini? Yeye humuuliza kila fundi: leo unamngoja nani? Halafu anakwenda mwenyewe kumtafuta huyo anayengojwa. Leo fundi umeme alikuwa anangoja ufunguo wa stoo, mpiga rangi anangoja watu wa mabomba. Kufika saa nne hakuna aliyekuwa anamngoja mtu. Michoro ya kwanza iliondoka na Wahindi waliofukuzwa mwaka juzi, kwa hiyo aliyafuata mabomba kwa mkono, chumba hadi chumba, akachora yote upya. Na sukari ilivyoadimika, chai anakunywa bila, halalamiki. Mimi nalalamika kwa niaba yetu sote.

Jumatano, 4 Septemba

Tumeanza kupima mabomba. Yanajazwa maji, yanasukumwa kwa pampu ya mkono mpaka geji ya presha isome 150, kisha yanaachwa hadi kesho. Mshale ukianguka, kuna mahali panavuja. Na panapovuja maji leo, Jumatatu patatoka mvuke wa kumbabua mgonjwa kitandani.

Maungio yote arobaini na sita yamechomelewa na Hippolyte, fundi wetu kutoka Bukavu. Mkono wake ni wa ajabu! Lakini leo amekuwa akirudi kila mara kuitazama geji. Askari mmoja wa Kapteni amemwambia kwamba bomba likivuja, yeye ndiye atakayeulizwa, na hataulizwa hapa. Na mkewe, Nabintu, amekaribia kujifungua. Ameomba alale hapa, ailinde pampu. Nimemwachia chapati zangu.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimefika wa kwanza. Mshale uko 150! Haujasogea hata kidogo! Nikaandika "Yamefaulu", nikagonga muhuri, na kwa kuwa dereva wa Kapteni alikuwa amesimama pale, nikampa nakala palepale. Nilijiona mjanja kweli.

Injinia akaja. Hakufurahi. Akasimama mbele ya geji, mikono nyuma, akaniuliza usiku nilijifunika nini. Blanketi mbili, nikasema, mvua ilinyesha.

"Maji ikipoa, mshale lazima ishuke kidogo. Sasa imelala kwa baridi, Madamu Rosebella, na mshale haikushuka hata kidogo? Hii imekuwa nzuri sana. Mimi naogopa."

Akashika koki ndogo iliyo chini ya geji. Imefungwa! Alipoifungua, mshale ukaporomoka mpaka chini, mbele ya macho yangu. Kumbe usiku kucha geji ilikuwa imetengwa na mabomba, imeshikilia presha yake peke yake.

Nani ameifunga? Hippolyte akapiga hatua mbele: "Ni miye, Patron. Mushale ilianza kushuka, nikaogopa. Bibi yangu iko karibu kuzala."

Nilikuwa tayari kumtukana. Injinia alimwomba tochi tu. Twende tutafute, alimwambia, wewe unaujua mkono wako kuliko mimi. Wakatambaa pamoja, meneja na fundi, suruali zimejaa vumbi. Saa tisa wakapaona panapovuja: nyuma ya ukuta wa wodi ya pili, uliopakwa rangi juzi.

Habari ya nakala sikumwambia mpaka jioni. Akasema ningemsubiri kwanza. Basi. Heri angenigombeza!

Ijumaa, 6 Septemba

Sijui niandike vipi.

Ukuta ulivunjwa asubuhi. Hippolyte amekata ungio lile na kulichomelea upya, safi kabisa. Saa nane Kapteni akaingia.

"Nani navunja ukuta ya serikali?"

Mafundi kumi na mmoja wakatazama viatu vyao. Nami pia.

"Mimi, Afande," Injinia akasema. "Bomba ilikuwa navuja."

Kapteni akatoa karatasi mfukoni. Karatasi yangu! Muhuri wangu! "Hapa nasema bomba iko muzuri. Wewe naharibu kazi ya serikali makusudi."

Angeweza kusema fundi alidanganya na karani alikurupuka. Majina mawili tu, angebaki hapa na sisi. Hakuyasema. Alimgeukia Hippolyte, akamwagiza apime tena, 150, koki wazi, tusome kesho. Aliongea taratibu, kama siku nyingine zote. Kisha akaingia kwenye gari la askari, katikati yao. Siku hizi jina la Kilango kama lake, kabila la rais aliyepinduliwa, peke yake linatosha kuwa kesi, na mimi nimewapa karatasi juu yake.

Jumamosi, 7 Septemba

148. Koki wazi, nimeigusa mwenyewe mara tatu. Hizo mbili zimepungua kwa baridi tu. Bomba ni zima! Nani wa kumwambia?

Injinia hajarudi. Mkewe, Alal, amemletea chakula, amekaa stoo mpaka saa kumi, ameondoka nacho. Nilishindwa kumtazama usoni.

Nabintu amejifungua mtoto wa kiume.

Jumapili, 8 Septemba

Naandika kwenye karatasi, nitaibandika humu nikirudi. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Kapteni. Nina kitabu cha vipimo mapajani: 150 ya uongo, 148 ya kweli. Nitasema koki niliifunga mimi, ili Injinia aachiwe. Mwanamke wa ofisini, hakujua ni ya nini. Wataamini upesi. Miaka yote nimechukia wanavyoamini hivyo — leo na inifae! Jana nilimwambia Hippolyte abaki na mtoto wake. Nilidhani amenisikia.

Amekuja. Shati jeupe la kanisani. Amekaa mwisho wa benchi. Nimemnong'oneza aende nyumbani. "Madame, rudia ku nyumba weye," amesema, wala hakugeuka.

Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Askari ametoka, ameuliza nani kati yetu ana kesi ya bomba. Tumesimama wote wawili. Ametutazama, amecheka, amerudi ndani kuuliza. Hajatuambia tukae, wala hakuna kati yetu aliyekaa —