Dawa ya Kichwa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na tafadhali uzipokee ukiwa umekaa. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, wapwa zangu wanaendelea vizuri na shule, na goti lako limeacha kukusumbua. Sisi huku tupo. Mama anapumua bila mashine tangu jana. Leo amekunywa nusu kikombe cha maziwa na kumgombeza muuguzi kwamba hayana sukari, kwa hiyo nafuu ipo, tena ya kweli.

Maneno uliyompa shemeji anifikishie yamenifika yote: kwamba Jumamosi ukija usimkute wifi yako katika nyumba hii, kwani mwanamke anayemnywesha mkwewe sumu hana haki ya kumpikia mtu. Mama mdogo naye ameshamwambia aanze kufungasha. Ningeweza kukupigia simu, lakini tunajuana. Ningesema nusu, wewe ungeangua kilio, nami ningepata kisingizio cha kunyamaza. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na barua naituma leo kwa basi la jioni ikufikie kabla hujaanza safari. Soma mpaka mwisho, halafu ukija umsomee na mama mdogo.

Yote yalianza na mashine. Unaijua ile yetu kubwa ya kuchapa mabango, yenye wino mkali ambao harufu yake hainitoki nguoni hata nifue mara tatu. Jumatatu asubuhi tulikuwa na bango la duka la viatu, na rangi nyeusi ikaanza kukatikakatika. Nikachapa karatasi ya majaribio. Mistari ikatoka kama kitana kilichong'oka meno. Nikaiamuru mashine ijisafishe. Bado. Nikarudia. Mara ya tatu hata buluu nayo ikaanza kukatika, na hapo fundi mwenye akili huacha, maana ukisafisha mno unavuta hewa ndani na kuharibu hata kilichokuwa kizima. Nikakagua mirija, haina hewa. Kichujio, safi. Mwishowe nikainama na tochi, nikaona raba ya kile kifuniko ambacho kichwa cha mashine, yaani kile kipande kinachonyunyiza wino, hukilalia kazi ikiisha: imekakamaa, imepinda upande mmoja. Jumapili nzima kichwa kilikaa wazi, wino ukakaukia matunduni.

Hapo hakuna ujanja. Unakitoa kichwa, unakiloweka uso kutwa nzima kwenye dawa yake, na unaomba Mungu. Kazini wananiita Daktari kwa sababu ya kazi hiyo. Lakini siku hiyo karakana ilikuwa na mafundi wa dari, wanagonga na kudondosha vumbi, na vumbi ndilo kifo cha kichwa kilichofunguliwa. Basi nikakifunga kwenye kitambaa laini nikaja nacho nyumbani. Nikakilaza kwenye sahani ya glasi jikoni, nikamimina dawa kutoka kwenye chupa ndogo niliyoijaza kazini, nikafunga dirisha vumbi lisiingie. Chupa nikaiacha hapo hapo rafuni, jirani na dawa za mama za mafua. Nikarudi kazini kubadilisha raba.

Saa tisa mchana simu ikalia. Wifi yako alikuwa anapiga mayowe, simwelewi hata neno. Nilipofika nilimkuta mama sakafuni, amejikunja, anakohoa povu, macho yamemtoka. Nilidhani ndiyo basi. Alikuwa amelalamika tangu saa sita kwamba kichwa kinamgonga, wifi yako akaenda jikoni, akachukua chupa, akampa kijiko. Kijiko kimoja tu, dada! Najua utauliza kwa nini hawakusikia harufu. Nyumba hii inanuka wino mwaka wa kumi na moja sasa. Aliyezoea hasikii, na mama pua zilikuwa zimeziba.

Hospitali waliuliza kanywa nini. Niliwaambia kweli, dawa ya kusafishia mashine, hilo sikulificha. Wakataka kuiona chupa, na mimi ndiye niliyerudi nyumbani kuifuata. Mama mdogo alipofika hospitalini aliikuta mkononi mwangu, chupa nyeupe isiyo na hata herufi moja. Wifi yako akaapa kwamba ilikuwa imeandikwa dawa ya kichwa. Mama mdogo akaigeuzageuza mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi, akauliza hayo maandishi yako wapi, au yameota mabawa. Watu wakaguna. Tangu siku hiyo, juu ya jina la muuaji, wifi yako ameongezewa na la mwongo.

Sasa jikaze, dada.

Maandishi yalikuwepo. Niliyaandika mimi, kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwakubwa: DAWA YA KICHWA. Kazini kila cha kusafishia tunakiita dawa, na hiyo ya kichwa cha mashine ni dawa ya kichwa, basi. Miaka yote hii napaza sauti karakana nzima niletewe dawa ya kichwa, na hakuna aliyewahi kuniletea kidonge. Na unajua kwa nini niliandika? Ili mtu asije akainywa kwa bahati mbaya! Wallahi nilikuwa natahadharisha. Tena daktari wa hospitali ameniambia kwamba hata kile kichwa kilichomuuma mama huenda kilitokana na mvuke wa sahani ile, dirisha nikiwa nimelifunga kwa mkono wangu.

Hilo peke yake ningekuja kuomba radhi, mkanitukana, yakaisha. Lakini nilipoingia jikoni kuifuata chupa niliyasoma yale maneno kwa mara ya kwanza kama anavyoyasoma mtu mwingine. Nilipigwa na butwaa. Nikachukua kitambaa, nikachovya kwenye sahani, nikafuta. Dawa ile haiachi wino wa aina yoyote, ndiyo kazi yake. Kwa siku nne nimekuwa nikijiambia kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Uongo mtupu. Nilifuta mara ya kwanza, nikaona kivuli cha herufi, nikafuta tena mpaka kikaondoka. Mkono gani huo unaokwenda wenyewe mara mbili? Mpaka leo nikiutazama sitaki kuamini ni wangu.

Halafu nikasimama hospitalini nikamsikiliza mama mdogo akimvua mke wangu nguo mbele za watu, na sikufungua mdomo.

Leo asubuhi wifi yako alikuwa anakunja nguo za watoto wetu. Nilijua atanilaumu kwa kutomtetea, na majibu nilikuwa nayo. Hakunilaumu. Aliniuliza kwa upole kama ninaweza kumpeleka kwa daktari apimwe akili. Alisema aliyaona yale maneno, aliyasoma mara mbili kabla ya kumimina, na kama hayakuwepo basi ana kasoro, na mtu wa namna hiyo si wa kuachiwa watoto. Alikuwa amekwisha fikiria nani atawalea. Dada, nilikaa chini pale pale sakafuni. Nilijua nimemharibia jina. Sikujua kwamba nilikuwa namharibia akili.

Barua nimeisimamisha hapa nikampa aisome.

Ameisoma amesimama mlangoni, karatasi moja baada ya nyingine. Nilingoja anirushie kitu, na ningeshukuru. Amenirudishia, akasema niongeze neno lake: Jumamosi ukija usipomkuta, ujue hakufukuzwa na wewe wala mama mdogo. Nimemuuliza kama ina maana anaondoka. Amesema hajui bado. Kwa leo, amesema, anashukuru tu kujua kwamba yeye ni mzima.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu, kila mmoja kwa jina lake. Mama anakusalimu, anasema uje na khanga zake mbili za kubadilishia. Ukifika, kabla ya kuniona mimi, nakuomba umtafute wifi yako popote atakapokuwa.

Mimi mdogo wako,
Fundi wa mabango