Kasia Langu Ukutani

Bi Hafidha, shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kusema uso kwa uso nashindwa, na hapa Mombasa sina wa kumwambia.

Nina miaka kumi na minane, shule nimemaliza mwaka jana, kwetu ni Kilifi. Mimi na mwenzangu Mbeyu tulipiga makasia tangu darasa la sita, kila mtu na kasia lake moja, yeye la kushoto mimi la kulia, na miaka mitatu mfululizo tukawa mabingwa wa Pwani kwa mashua ya baba yake, Mzee Randu, ambaye makasia alituchongea mwenyewe ingawa siku hizi haoni vizuri na hachongi tena. Halafu akaja Mwalimu Joram wa timu ya baiskeli, akaniambia, "Binti, miguu hiyo unaikalia bure," akaniandika kazi ya kushindana kwa mshahara, nami nikakubali, lakini kumwambia Mbeyu nikaona haya, nikaondoka Jumapili yeye akiwa kanisani, nikachukua kasia langu liwe kumbukumbu, na sasa limetundikwa juu ya kitanda changu.

Baiskeli naiweza, nimeshinda mara mbili. Ila mashuani nilisikia pumzi ya mtu mgongoni, na Mbeyu akihesabu, "Moja, vuta! Mbili, vuta!" Barabarani kila mtu na lake. Juzi karibu na Matsangoni nilijikuta nahesabu kwa sauti, wenzangu wakacheka, "We Kanze, bahari umeiacha kule!"

Tukienda Malindi kwa mazoezi, kwa kuwa daraja bado linajengwa, tunavuka kwa feri ya Kilifi, na Mbeyu yuko pale anauza korosho. Mimi hujificha nyuma ya lori. Mara ya mwisho alimwambia dereva, kwa sauti ya kunifikia, "Nunua korosho, baba. Mashua yetu imelala." Jumamosi ijayo tunashindana Mombasa hadi Malindi, na feri itatusimamisha palepale. Je, niache baiskeli nirudi nyumbani?

Kanze

Marahaba, mwanangu. Baiskeli usiache. Kwenda hukukosea, umekosea kuondoka kama mwizi, na nikiisoma tena barua yako naona na mali ya wizi ipo. Mashua ya makasia mawili itakwendaje kwa moja, si itazunguka tu? Hata Mbeyu akipata mwenzi mwingine, atampa nini mkononi? Alikuambia mwenyewe pale feri kwamba mashua imelala, wewe ukasikia korosho.

Upweke wako naujua, na haya zako nazihurumia. Lakini haya ni pambo la mtu, si lori la kujificha nyuma yake.

Usingoje Jumamosi, maana utakuwa mbioni, na samahani ya mbioni ni dharau. Alhamisi panda basi na kasia lako, abiria wakikutazama waache watazame. Anza kwa Mzee Randu, umwamkie, umkabidhi. Kisha nenda feri. Hotuba usitunge, wewe si mtu wa maneno. Mwambie Mbeyu, "Nimekosa." Akikutukana, pokea. Akinyamaza, kaa chini umsaidie kuuza korosho mpaka jioni. Huenda akampata mwingine wa kumhesabia, nawe utaumia, na baiskeli utaipanda hivyo hivyo.

Na Jumamosi feri ikikusimamisha, simama upande wa wauza korosho.