Chupa ya Sosi Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini, nimekuta chupa yangu ya sosi ya saladi dirishani, juani. Tena! Ndani mna kiini kibichi cha yai, ndimu, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni. Mahali pake ni friji, rafu ya nyuma, kifuniko kimekazwa. Nimeshamweleza mama mkwe mpaka mate yamenikauka. Anasema mafuta yameganda, yapate joto kidogo. Nimeimwaga yote. Akaguna kwamba wake wa siku hizi kazi yao kumwaga chakula. Mume wangu, Baba Kidoti, alikuwa pale pale, anakunja nguo — kajitia hamnazo.

Jumatano, 5 Machi

Nimetengeneza nyingine. Mezani nimemimina kiasi tu, kwenye bakuli dogo, na kijiko chake. Tumekula vizuri. Nageuka kutoka kwenye sinki, namwona mama mkwe anairudisha iliyobaki chupani. Pamoja na mbegu za nyanya! Na kile kijiko Kidoti alikuwa amekilamba. Nikamwambia kwa adabu, mama, ikishafika mezani hairudi. Akanijibu kwamba amelea watoto wake wote bila friji na hakuna aliyekufa.

Nimeuma meno. Kwa kweli mama mkwe hanikeri kama mume wangu. Neno moja tu lake lingetosha. Mama, msikilize. Basi. Hana.

Ijumaa, 7 Machi

Sosi mpya, chupa nimeichemsha. Nimesimama mbele ya friji nikawaambia wote wawili: asiitoe mtu ila mimi. Mama mkwe kanisonya. Baba Kidoti kaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 9 Machi

Kidoti anatapika tangu alfajiri. Jana jioni alichovya karoti kwenye sosi mpaka bakuli likang'aa. Sisi wengine hatukuigusa. Mama mkwe yuko sebuleni na simu, anawatangazia ndugu wote kwamba sosi yangu imemlaza mjukuu wake.

Lakini niliitoa kwenye friji mwenyewe. Ya baridi! Nikambana Baba Kidoti chumbani. Akajikuna shingo weee, ndipo akasema. Mchana nikiwa saluni mama yake aliitoa. Yeye akaikuta dirishani alasiri, ina joto, akairudisha kwenye friji kabla sijafika. Hakutaka ugomvi.

Hakutaka ugomvi. Nami nikamwekea mwanangu sumu kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwambia kula, mama, kula. Yule mama hakuamini kwamba inadhuru. Huyu alijua!

Jumatatu, 10 Machi

Kidoti afadhali. Anakunywa, anaomba katuni.

Jioni hii kaja shangazi yake Baba Kidoti. Mama mkwe ndiye aliyemwita, wanikalishe chini. Kumbe wana lao: Kidoti achukuliwe, akakae kwa huyo shangazi mpaka nijifunze kulisha mtoto. Mwanangu!

Nimemwambia Baba Kidoti aseme mwenyewe, mbele yao. Nikisema mimi nitaonekana namsingizia mama yake. Akaapa atasema, chai ikishanywewa.

Chai nimeshapeleka. Nimerudi jikoni, naandika nimesimama. Ukuta huu mwembamba, nasikia kila kitu. Mama mkwe anamaliza maelezo yake: jeuri, hashauriki, machupachupa ya mayai mabichi. Shangazi anauliza nguo za mtoto zimeshafungwa? Bado, wanamsubiri baba mtu atoe kauli.

Sasa shangazi anamuuliza yeye. Wewe ulikuwepo nyumbani, baba. Hebu sema, iliharibikaje?

Anakohoa. Kiti kinasogea. Nyayo zinakuja huku, si kule.

Huyu hapa mlangoni. Hanitazami. Anauliza eti sukari iko wapi.

Sukari iko mezani, mbele ya kikombe chake. Nimeiweka mwenyewe.