Wimbo wa Pili Haukuwepo, Vumilia

Dada Vumilia,

Ni mimi Boni. Boni Mdomo, kama ulivyokuwa ukiniita mbele za watu, ingawa kadi zangu nilizochapisha huku kwa Waswidi, pale Kista, zilisema "Meneja wa Kimataifa". Na kimataifa ni kweli, usicheke. Mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, nimepiga gita la besi Kigoma, nimepiga Nairobi, nimepiga Copenhagen, na miji yote hiyo nimelala kwenye viti. Darasa la sita ndilo lililonishinda, kwa hiyo mwandiko huu usome hivyo hivyo.

Nimechoka, dada. Naanza na hilo maana wewe ungelijua kabla sijafungua mdomo. Alfajiri naosha mabasi, mchana narudi nyumbani Akalla, nakaa jikoni na koti mwilini kama mtu anayesubiri kuitwa. Mgongo umekataa kubeba spika. Gita lako liko juu ya kabati, na ile kofia yako nyeupe ya pama nimeifunika taulo isishike vumbi. Mara mbili nimeivaa. Kichwa changu kikubwa, haikuingia.

Kesho tunaondoa matanga yako. Mwaka umetimia. Ukumbi wa kanisa kule Farsta tumeupata tangu saa nne asubuhi, na akina mama wa Uvira wameshaanza kugombana na akina mama wa Bujumbura, sombe, kile kisamvu chetu, itiwe karanga au isitiwe. Watu watajaa. Lakini kabla hawajajaa kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu. Niliudanganya msiba wako.

Acha nianze mbali kidogo. Wewe unajua siwezi kuanza karibu.

Unakumbuka dansi yetu ya kwanza? Kiangazi kile, lile banda la mbao katikati ya misonobari, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka hapa. Nilikuwa nimemwambia mwenye ukumbi kwamba wewe ni malkia wa kantri wa Afrika ya Kati yote, naye maskini akaamini. Tulikuta wazee wa Kiswidi wamevaa vizuri, viatu vinang'aa, kila bwana akainuka akamwomba bibi mmoja, wakaingia uwanjani. Ukaanza ule wimbo wako wa barua iliyopotea. Ukaimba beti zako tatu kwa upole, kikantri kabisa. Halafu sisi tukafanya kama tulivyozoea nyumbani: wimbo ukinoga, unauachia gita, watu wacheze. Tukaingia sebene. Dakika ishirini!

Mimi jasho linanitoka, najisifu moyoni, naona watu hawatoki uwanjani. Nikakunong'oneza, "Umewamaliza, malkia!" Kumbe hawatoki kwa sababu hawaruhusiwi. Kule desturi ni nyimbo mbili. Ukimshika mtu, unamshika kwa nyimbo mbili fupi, halafu bendi inapumzika, unasema asante kwa dansi, unamsindikiza bibi hadi kwenye kiti chake. Kumwacha katikati ni kumtukana. Basi wale wazee wakashikana dakika ishirini kwa adabu tu, mmoja uso umekuwa mwekundu kama nyanya, mwingine anamwangalia mke wake mwenyewe kwa mbali kama mtu anayezama. Nao walijua kwamba huo ni wa kwanza tu, bado kuna wa pili!

Mwenye ukumbi alitupigia kelele nyuma ya banda. Mimi nikaanza kumweleza habari za utamaduni. Wewe ukanivuta shati: "Boni, nyamaza kidogo bana, tujifunze." Ukamwendea yule bibi mzee aliyekuwa akijipepea kwa mkoba, ukamuuliza kwa Kiswidi chako cha mwaka wa pili, kwa nini nyimbo mbili? Akakujibu, "Wimbo wa kwanza ni wa kuijua miguu yake. Wa pili ndio mnacheza."

Tukarudi Akalla. Unashuka kwenye gari ukasema, "Kuanzia leo naandika mbili mbili."

Na ukaandika. Hapo ndipo ulipokuwa mwanamuziki, Vumi, mimi nilikuwepo. Wimbo mmoja unauliza, wa pili unajibu. "Nani Kaondoka na Kofia Yangu", halafu "Kofia Imerudi, Wewe Hukurudi". "Niandikie Ukifika", halafu "Nimefika, Kalamu Sina". Ulisafisha madarasa ya watoto huku ukinong'ona ubeti wa kwanza, na nikija kukuchukua jioni wa pili umeshakaa. Viangazi vitano tulizunguka na lile gari langu, sidii zako kwenye buti, redio ya mkoa ikakupiga saa ya chakula cha mchana, na wazee wakaanza kuja kwa ajili yako, siyo kwa ajili ya dansi. Yule wa uso mwekundu aliyeshika mtu dakika ishirini, alimwoa. Alituletea picha. Mpaka leo nasema ni kazi ya besi langu.

Halafu yule bwana wa studio kubwa mjini. Hilo nalo sijakuambia vizuri. Alisikiliza nyimbo nne, akauliza, "Afrika iko wapi humu?" Alitaka ngoma, alitaka kitambaa cha madoa ya chui. Ukavua kofia yako ukaiweka juu ya meza yake. "Afrika ndiyo hii inakunywa chai yako. Na kantri niliisikia kambini Kigoma, kwenye redio ya betri, kabla sijajua theluji ni nini. Unataka kunifundisha nyumbani kwangu?" Tukatoka. Kwenye treni nilikugombeza kituo kwa kituo, mpaka mwisho wa reli. Nilisema umetufungia mlango. Na kweli mlango ule haukufunguka tena, wala mwingine mkubwa kama ule. Mwezi mzima nilikununia.

Ulikuwa na haki. Sikuwahi kusema. Sasa nimesema.

Basi ukaugua. Kule hospitali ya Flemingsberg, kitandani, ukaniomba simu yangu ukarekodi wimbo wa mwisho bila gita, sauti imekuwa nyembamba kama uzi, na nyuma yake ile mashine ya dawa inalia tii, tii. "Umekula?" Ndilo jina lake. Mama anampigia simu mtoto wake, hana la kuuliza ila hilo. Umekula? Umevaa soksi? Umekula? Basi. Ukamaliza ukanirudishia simu, ukasema, "Huu wa kwanza." Siku tisa baadaye ulituacha.

Siku ya mazishi, watu wamekaa na kahawa zao, niliwachezea ule wimbo. Hakuna aliyenyanyua kikombe. Halafu Furaha wako akasimama. Unamjua mwanao, wewe unamwita kwa Kiswahili, yeye anakujibu kwa Kiswidi, miaka yote mlipigana vita hiyo na hakuna aliyeshinda. Neno la Kiswahili analonipa mimi ni moja tu, mjomba. Akaniangalia, akauliza, "Mjomba, var är den andra?" Uko wapi wa pili?

Dada, ungeuona ule uso. Nikasema, "Upo. Ninao. Mama yako aliniachia. Tutauimba siku ya kuondoa matanga."

Mdomo wangu huu.

Watu wote wakapumua. Furaha akakaa chini akalia vizuri, kama mtu aliyepewa ahadi. Mimi nikatoka nje nikasimama kwenye baridi bila kofia.

Mwaka mzima nimejaribu kuuandika. Nilisema, Boni, wewe umemsikia Vumilia kwa miaka, umeshindwa nini? Nikanunua daftari. Nikaandika, "Mwanangu usile chipsi, jikoni kuna maharage." Nikaandika, "Soksi ni mbili kama macho." Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Kurasa zote zimejaa na hakuna mstari mmoja ambao wewe ungeuacha uishi. Nilifikiri kuandika maneno ni kama kusema maneno. Kumbe nimesema maisha yangu yote na sikuwahi kuandika.

Jumamosi iliyopita nikapanda treni nikaenda kwa Furaha. Anasomea uuguzi hapo hapo Flemingsberg, kila siku anapita chini ya dirisha lako. Nikamwambia ukweli, nimesimama mlangoni, viatu sijavua. Hakuna wimbo wa pili. Haukuwepo. Niliusema kwa sababu sikuweza kuutazama uso wake ule.

Hakupiga kelele. Alisema, "Ett helt år, mjomba." Mwaka mzima. Kisha akanieleza, taratibu, kwa Kiswidi, nami nikashukuru Mungu nakielewa kuliko ninavyokiongea. Kwamba siku ile ya mwisho ulimpigia mchana. Alikuwa darasani, akaona jina lako, akasema moyoni, ataniuliza kama nimekula, nitampigia baadaye. Mwaka wote alikuwa anangojea wimbo wa pili ili asikie humo ndani kama ulikasirika. Halafu akafunga mlango. Polepole, lakini aliufunga.

Nimepigwa na askari, dada, nimefukuzwa na wenye nyumba wa nchi nne. Sijawahi kurudi nyumbani vile.

Jana nimelala na viatu baada ya kazi, simu ikalia. "Mjomba, kom hit. Ta med gitarren." Njoo, ulete gita. Nikalishusha lako juu ya kabati, nyuzi mbili zimelegea, nikaenda nalo limelala magotini mwangu kama mtoto.

Alikuwa na karatasi. Mistari kumi na miwili, kwa Kiswidi, kwa mwandiko wake ule wa duara. Akasema hajui kuimba. Nikamwambia, "Hata mama yako sauti aliipata baada ya mwandiko." Akaimba amenipa mgongo, anaangalia dirisha. "Jag har ätit, mamma." Nimekula, mama. Nimekula wali, nimeosha sahani, soksi ziko miguuni. Ile simu niliiona. Nimekula. Sasa wewe lala.

Tuni ni ile ile yako. Maneno yanakaa juu yake kama mfuniko juu ya sufuria yake. Gita lilikosa mahali pa kuingia, nikaacha tu, nikasikiliza.

Vumi, nilitafuta mwaka mzima wimbo wa pili kwenye daftari langu, kumbe haukuwa wangu kuuandika, na labda haukuwa wako pia. Wewe ulimwuliza kwa Kiswahili. Yeye amekujibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake. Safari hii usimgombeze.

Basi kesho ni hivi. Kwanza nitasimama mbele ya watu wote niseme nilidanganya. Akina mama watanikata vipande vipande, sombe wataninyima, na nimestahili. Kisha sauti yako itatoka kwenye simu, na mashine yako ya dawa nyuma, tii, tii. Baadaye Furaha ataimba wake, na mimi nitampigia gita. Katikati hapo nimeomba watu wasipige makofi wala wasikae. Wabaki wameshikana mikono, kama wale wazee wetu wa msituni.

Nakuahidi sitaingiza sebene. Vidole vitanisihi, maana wimbo ukiisha umeisha, nami sina haraka ya kufika huko. Lakini sitaingiza. Nakuahidi pia Furaha hatakula peke yake Jumapili wakati mimi nina miguu, na gita lako halirudi juu ya kabati.

Na wa pili ukiisha nitafanya kama desturi ya kule bandani. Nitasema asante kwa dansi, dada. Nitakushika kiwiko, nitakusindikiza taratibu hadi kwenye kiti chako, nitainama kidogo kadiri mgongo huu utakavyokubali, na nitakuachia mkono.

Ndugu yako,
Boni