Mlima wa Udi na Mlango wa Chumbani

Mama,

Leo nakuandikia nikiwa na hasira kidogo, kwa hiyo usitarajie salamu ndefu. Nina jambo moja la kukuuliza na najua huwezi kujibu. Hilo nalo limenizidishia hasira.

Kwanza habari za hapa Kinoo. Landilodi amepaka geti ile rangi ya kijani uliyokuwa ukisema ni ya zahanati. Mama Kevo bado anachoma mahindi kando ya barabara, na juzi aliniuliza mgonjwa anaendeleaje, kisha akakumbuka, akashika mdomo, akanipa hindi la bure. Kazini Muthangari, kwenye kliniki ya meno, bado niko pale mapokezi, nawaambia watu kung'oa jino hakuumi na wao hawaniamini. Cherehani yako nimeifunika kwa shuka la maua. Chumba chako sijakihamia. Huwa naingia, nafagia, natoka.

Sasa tuje kwa ule mlima wako.

Baada ya mazishi kule nyumbani tulikaa chini kugawana vitu vyako, na Senje Rael, kama dada yake Baba, ndiye aliyekuwa akivitoa kimoja kimoja. Vitenge viliisha haraka. Sufuria kubwa ilikaribia kuleta vita. Alipoutoa mlima, ule wa udongo mweusi wenye vidato na kibakuli chini, hakuna aliyenyoosha mkono. Senje aliugeuza, akaunusa, akauliza kama huko Nairobi ulikuwa umeanza kuabudu sanamu. Nikamweleza kwamba ni chetezo tu, unaweka koni ya udi pale kileleni na moshi unashuka ngazi hadi kibakulini.

"Moshi unashuka?" akasema. "Nekesa, moshi ni wa kupanda."

Nikauchukua mimi. Wote walidhani ni mapenzi, na shangazi mmoja akafuta machozi. Ukweli ni kwamba niliuchukua ili asiupate Bhavna.

Ndiyo, Mama, nimesema. Namwonea wivu rafiki yako, mwanamke mzima mwenye wajukuu, na sijapona. Tangu nikiwa mtoto nilikuwa nikitoka shuleni nakuja kukaa chini ya meza yako pale barazani kwa duka lake Parklands, wewe ukishona blauzi za sari za wateja wake, na maneno yenu yalikuwa yakipita juu ya kichwa changu. Mlicheka, mkanyamaza, mkacheka tena. Nikiuliza mnacheka nini, mnaniambia maliza kazi ya shule.

Magoti yalipokushinda ukaja kukaa kwangu, nilijiambia basi, sasa zamu yangu. Nilinunua hata kile kiti cha plastiki cha bluu ili tukae sote chumbani kwako. Wiki hiyohiyo Bhavna akakuletea mlima, na kumbe alikuwa amenunua miwili, mmoja wako na mmoja wake. Kila jioni mnawasha kwa wakati mmoja, yeye Parklands na wewe Kinoo, simu kitandani ikiwa imefunguliwa sauti. Mimi kiti changu kikawa cha kuwekea sweta.

Narudi kazini, miguu inawaka, nasukuma mlango wa chumba chako. Nakukuta umekaa ukingoni mwa kitanda, uso umelainika, moshi mweupe unateremka vidato polepole na kujikusanya chini kwenye kibakuli. Moshi ulikuwa mzuri, siwezi kukataa. Kabla sijamaliza kusema shikamoo, unasema bila hata kugeuka, "Funga mlango, Nekesa."

Nami naufunga. Naenda jikoni nakata mboga za sukuma kwa nguvu ambayo sukuma haihitaji, huku nikisikia mnacheka.

Siku moja nilikusikia kupitia mlango huohuo ukimwambia kwamba tangu utotoni, jikoni kwa nyanya yako, moshi ulikuwa ukikupanda machoni, ukaolewa ukakupanda, ukazaa ukakupanda. "Huu ndio moshi wa kwanza kuniheshimu," ukasema. Nilisimama na mwiko mkononi. Neno zuri kama hilo, Mama, na ulimpa yeye. Mimi nililiokota kwenye tundu la ufunguo.

Halafu ukafa, nikafikiri angalau msiba ni wangu. Siku ya maombi hapa nyumbani, kabla hatujakusafirisha, Bhavna alikuja na sari nyeupe tupu. Wamama wa kanisa walinong'onezana kwamba huyu amevaa kama bibi harusi, mpaka mmoja aliyewahi kufanya kazi Parklands akawaambia nyeupe ndiyo nguo yao ya matanga. Wakampisha, wakampa kiti kilicho karibu na picha yako. Akalia. Alilia kwa sauti kuliko mimi, na watu wakamzunguka, wakampa maji. Mimi mwana niliyezaliwa na wewe nilikuwa mlangoni nahesabu sahani za plastiki. Hapo ndipo wivu uliponishika hasa.

Tangu siku hiyo akawa ananipigia jioni, saa yenu ileile. Mara nyingi nilikuwa nikiiacha simu iite mpaka inyamaze.

Nilitaka kuuwasha mlima peke yangu, bila yeye. Nilinunua koni mjini, kwenye duka moja karibu na soko, za msandali, zinanukia vizuri. Nikafungua madirisha yote kama ninavyofanya nikikaanga samaki, nikaacha na mlango wazi ili moshi upate pa kutokea, nikaweka koni kileleni, nikawasha, nikapuliza mwali wa moto uzimike. Moshi ukapanda. Ukaenda moja kwa moja kwenye dari. Kesho yake nikajaribu tena, ukapanda. Nikaomba, Mama, sikudanganyi, nilifumba macho mbele ya kile kidude nikakuomba. Nilipofumbua ulikuwa unapanda. Nikakumbuka Senje Rael na nikamchukia bure.

Nikasema kwa sauti, chumbani kwako, kwamba hata moshi wako una upendeleo. Kwa Bhavna unashuka, kwa Nekesa unakataa. Nikakaa sakafuni nikalia kama mtoto aliyenyimwa nyama. Sijui kama ulisikia. Mama Kevo alisikia, maana alikuja kugonga.

Alhamisi iliyopita Bhavna akapiga, na kwa kuwa nilikuwa nimeshindwa, nikapokea.

"Haushuki," nikamwambia. Hata sikumsalimia.

Hakuuliza ni nini hakishuki. Aliniambia, "Geuza hiyo koni. Chini iko na shimo?"

Nikageuza. Haikuwa na shimo. Akaniambia hizo ni koni za kawaida, moshi wake ni wa kupanda tu. Za mlima zimetobolewa chini, na unalikalisha tundu la koni juu ya tundu la mlima ili moshi upite ndani na kushuka. Akasema angenitumia pakiti kwa mwanawe kesho yake. Nilikuwa tayari nimeudhika kwamba amenifundisha, nataka kukata simu, aliposema hili ambalo limenifanya nikuandikie.

"Na ufunge dirisha, beta, mwanangu. Funga mlango pia. Hii moshi haitaki upepo hata kidogo. Mama Nekesa alikuwa anagombana na hiyo mlango kila siku. Ukiingia tu, moshi inatawanyika. Ananiambia, ngoja Bhavna, mtoto amerudi, wacha afunge mlango akae."

Nikamuuliza akae wapi.

"Si kuna kiti? Ya bluu. Alikuwa anatoa sweta ukikaribia kufika."

Akaendelea, masikini, hakujua anachonifanyia. Akasema ulikuwa ukisikia mlango umefungwa na mimi siko ndani, unamwambia nimechoka na kazi, sitaki kelele za wamama wazee.

Mama. Jioni zote zile. Mimi nje ya mlango nadhani umenifukuza, wewe ndani umenitolea sweta kitini, unadhani nimekukataa. Na katikati yetu ubao wa mlango tu, tena wa landilodi. Swali langu ndilo hili: ungepungukiwa nini kuongeza neno moja? Ulisema "Funga mlango, Nekesa." Ungesema "Ingia, ufunge mlango, Nekesa." Wewe uliyeweza kumweleza mteja blauzi nzima mpaka kifungo cha mwisho, kwangu neno moja lilikushinda. Nami najua nilirithi wapi, maana wala mimi sikuuliza.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba hili nalo nimelipata kwake. Hata kwamba ulinitaka, ni Bhavna aliyekuwa akilijua na mimi silijui. Nimemshukuru kwa mdomo. Moyoni nilitamani kumrarulia sari.

Ila nimefikiri pia. Jina lako kwake ni Mama Nekesa. Miaka yote hiyo, kila alipokuita alinitaja na mimi. Na sasa jioni anawasha mlima wake, simu iko kitandani na hakuna wa kumpigia ila mtu asiyepokea. Nafikiri naye ananionea wivu kwa zile asubuhi nilizokuchemshia chai, yeye akiwa mbali. Haitoshi kumpenda, lakini inatosha kupokea simu.

Pakiti imefika. Leo nimefuta vidato kwa pamba, yale mafuta ya kahawia ya udi yaliyoganda tangu jioni yako ya mwisho. Pamba sijaitupa. Nimefunga dirisha, nimebana pazia, nimetoa sweta lako kitini. Koni ina tundu, nimehakikisha mara mbili. Udi ukiisha kuwaka nitafungua madirisha, usiniambie nitakohoa.

Nakuaga hapa, Mama, kwa sababu saa yenu imefika na simu itaita sasa hivi. Naahidi nitaipokea angalau kila Alhamisi, siku aliyoniambia haya, na nitamwacha azungumze kwanza. Wivu siahidi kuuacha, kwa hilo utanivumilia. Lakini lile neno lako nimelitii vizuri leo, na ungekuwepo ungegeuka uone. Nimefunga mlango, na niko ndani.

Mwanao,
Nekesa