Siyo Ukuta

4 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako. Barua hii ameibeba dereva wa lori la unga. Atamwachia mwoka mikate, maana nasikia siku hizi unalala nyuma ya duka lake. Simu yako nayo imeibiwa, au umempa mtu tena?

Kliniki ya akili ya pale hospitali imenijulisha kwamba mwezi uliopita hukuchomwa sindano. Mimi na wewe tunajua ukiikosa unaishia wapi. Korona imefunga barabara, siwezi kuja kukuvuta sikio. Kwa nini hukwenda? Usinidanganye, nimekulea tangu unatambaa.

Dada yako

11 Mei

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, kasoro viatu. Sindano nimeifuata mara tatu! Pale mlangoni mlinzi ana kipimo cha joto, anakuelekezea kwenye paji la uso kama bastola. Kila nikifika kinalia. "Una homa, ondoka." Sina homa, dada. Nikaenda nyumba ya hifadhi, kikalia tena. Nilichungulia ndani: vitanda vimebanana, anayekohoa na asiyekohoa wanabadilishana pumzi. Nikaona afadhali nje.

Sauti zimeanza kurudi, ila bado za chini chini. Zinasema mlinzi amenunuliwa. Nimeziambia zisubiri.

Mdogo wako, fundi saa asiye na saa

16 Mei

Marahaba, mdogo wangu.

Nimecheka mpaka nikasimamisha cherehani. Fundi mzima! Unalala umeegemeza kichwa kwenye ukuta wa tanuri la mikate, unaamka, unavuka barabara, unampelekea mlinzi paji lililoiva. Kipimo kifanyeje? Kaa kivulini nusu saa, nawa uso, ndipo uende. Kikikulilia tena, jua ni ukuta, siyo homa.

Nimekushonea barakoa sita. Wape na wenzako.

Dada yako

25 Mei

Dada, shikamoo. Habari za kazi?

Nimechomwa! Nilikaa kivulini kama ulivyosema, kipimo kikanyamaza, nesi akanipokea vizuri. Sauti zimepungua. Barakoa moja nimempa mzee mwenzangu wa nyuma ya duka, tunamwita Balozi kwa sababu ya koti lake. Anaivaa hata akinywa maji. Tatizo anakohoa sana.

Mimi tangu juzi mwili unachemka, hata kivulini. Najua ni ukuta tu, ulishanieleza. Kingine, mwoka mikate amesahau chumvi siku ya nne leo. Wengine wanasema mkate ni uleule.

Mdogo wako

27 Mei

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Siyo ukuta! Niliyekwambia hivyo ni mimi, na nilikosea, nisamehe. Mkate una chumvi; ulimi wako ndio unaumwa. Nenda hospitali leo hii, wewe na Balozi, msikae karibu na mtu njiani. Nyuma ya karatasi hii nimeandika dawa zako zote. Wakikuona chizi wakakufukuza, usigombane, usiondoke. Kaa hapohapo.

Dada yako

4 Juni

Mdogo wangu,

Wiki nzima kimya. Dereva anasema nyuma ya duka pamemwagwa dawa ya kuua virusi, hakuna mtu, na mwoka mikate amefunga. Nimeomba kibali cha kusafiri, wamenikatalia mara mbili. Kesho narudi ofisini kwao na kazi yangu ya mkono. Nitashona kwenye benchi lao mpaka wanichoke. Barua hii naituma hospitali moja kwa moja. Kama upo, andika hata neno moja. Nina hofu, sikufichi.

Dada yako

12 Juni

Dada, shikamoo.

Nesi anasema kuna mwanamke getini tangu jana, anabishana na kila mtu. Nikajua ni wewe, na kibali umekipata. Hawatakuruhusu kuingia, kwa hiyo soma.

Nilimleta Balozi kwa mkokoteni wa unga. Wodi ya korona wakasema tuna wazimu, twende wodi ya akili. Wodi ya akili wakasema tuna homa, turudi kule. Tulienda na kurudi mara nne. Mwisho nikakaa chini katikati ya uwanja, nikasoma barua yako kwa sauti, yote, hata pale paliposema chizi. Nesi wa sindano akanitambua, akaenda kuwagombeza. Tukapata vitanda.

Mimi napumua vizuri sasa. Sindano ya mwezi huu, siku yake ikifika, nitachomewa hapahapa.

Balozi amefariki juzi. Mapafu yalikuwa yamechoka, tulichelewa. Nimelia sana, dada. Karani alikuja kuuliza kama marehemu ana ndugu, maana asiye na ndugu wanamfukia tu bila kusubiri mtu. Nikanyoosha mkono. Akaniandika.

Maziko ni leo saa tisa, na mimi daktari hanitoi kabla ya Jumatatu. Nenda wewe. Ni nyuma ya hospitali, watakuonyesha. Simama karibu, wasiharakishe. Wakikuuliza wewe ni nani wake, sema dada.

Mdogo wako